Mteja anasema "mbona ndogo hivi?": kutafuta kosa kwenye picha za hereni, pete na bangili

Ukiuza urembo mtandaoni malalamiko ya saizi utayapata tu, na mara nyingi mzigo wenyewe hauna shida, shida iko kwenye picha. Mteja akiwa dukani Kariakoo anaishika hereni, anaiweka sikioni, anajicheki kwenye kioo, kamaliza. Huku kwenye simu hana cha kupimia, ana picha tu, na kwenye picha hereni ya sentimita mbili na hereni ya sentimita saba zote zinajaa skrini sawasawa. Sasa hapa nitaenda na maneno ya wateja wenyewe, maana lalamiko ukilisikiliza vizuri linakuonyesha kosa liko wapi, na siyo kila kosa linatibika kwa kuweka rula pembeni kama watu wanavyoshauriana.

"Dada mbona ndogo hivi, kwenye picha ilikuwa kubwa"

Hili ndo lalamiko namba moja. Kabla hujafanya chochote fungua ile picha aliyoiona mteja (siyo ile ya kwenye galari yako, ile aliyoiona yeye) uangalie kama kuna kitu chochote humo chenye saizi inayojulikana na kila mtu. Kama ni hereni peke yake juu ya kitambaa cheupe basi jibu umeshapata, hujampa cha kulinganishia na kichwa chake kimejaza chenyewe. Maua ya waridi, majani, kipande cha kanga, kikombe cha kahawa, hivyo vyote ni mapambo tu, kuna ua dogo na kuna ua kubwa, kuna kikombe cha kahawa chungu cha Zanzibar na kuna kikombe cha lita nzima, kwa hiyo havimsaidii mtu kujua saizi hata kidogo.

Ila kama kwenye picha kuna mkono au sikio na bado kalalamika, hapo tatizo ni umbali, yaani simu ilikuwa karibu mno. Kamera kuu ya simu nyingi ina lenzi pana, na ukisogea karibu kilicho mbele kinavimba na kilicho nyuma kinanywea. Chukua pete: kidole kiko sentimita 15 kutoka kwenye lenzi, kifundo cha mkono kiko sentimita 30, pete hapo itaonekana mara mbili ya ukubwa wake ukiilinganisha na kifundo. Sasa rudi nyuma mpaka pete iwe sentimita 60, kifundo kiwe 75, lile ongezeko linabaki robo tu. Mkono uleule, pete ileile. Ukiuweka mkono ulale sambamba na simu badala ya kuunyoosha kuielekea kamera, hata hiyo robo inapotea.

Dawa: rudi nyuma angalau nusu mita halafu ndo uzumu, mara mbili inatosha. Simu yako kama haina lenzi ya kuvuta wala usihangaike, piga ukiwa mbali kisha ukate picha baadaye, umbo linatoka lilelile kwa sababu kinachobadilisha umbo ni umbali wako, siyo kitufe cha kuzumu. Utapoteza ukali kidogo, kwa picha ya kuonyesha saizi haina neno, ukali weka kwenye picha nyingine.

Na kuna hili la makro, yaani picha za karibu sana. Simu nyingi mpya ukisogea karibu zinahamia zenyewe kwenye lenzi pana kabisa, utaona picha inaruka kidogo kwenye skrini kabla hujapiga. Kwenye iPhone za Pro kuanzia 13 Pro kuna alama ya ua inatokea, ukiigusa unaizima. Makro ni nzuri kwa kuonyesha nakshi au jinsi jiwe lilivyoshikwa, ila picha ya makro ikiwa ndo ya kwanza mteja kuiona umeshamdanganya bila kukusudia, iweke ya tatu au ya nne huko.

"Nilidhani ni hereni za kila siku, kumbe zinafika mabegani"

Hii ni kinyume chake, na karibu kila mara inatoka kwenye selfi. Mkono wa mtu haufiki mbali, kwa hiyo uso upo karibu na simu, pua inakuwa kubwa, masikio yanarudi nyuma na hereni zinarudi nayo, zinaonekana ndogo kuliko zilivyo. Mpe mtu mwingine simu asimame mita moja na nusu hivi, azumu, aweke kichwa mpaka bega kwenye fremu moja, kwa sababu hereni ndefu inapimwa kwa bega na taya. Ukikata picha usikate shingo.

Halafu zima zile filta za kulainisha sura. Simu nyingi kwenye kamera ya mbele zinaiwasha zenyewe, na siyo ngozi tu zinayoigusa, zinapunguza mashavu, zinachonga taya, nyingine zinarefusha shingo. Uso ukipungua hereni isipopungua maana yake nini? Ndo hapo unakuta muuzaji anaapa hajaedit picha na kweli hajaedit, simu imemfanyia.

Urefu wenyewe pia uuandike vizuri. Hereni ya kuning'inia kuna anayepima kuanzia kwenye ndoano na kuna anayepima kuanzia chini ya ndewe, tofauti inaweza kuwa sentimita moja na nusu kirahisi. Mimi naona upime kinachoonekana chini ya ndewe maana hicho ndo mteja anachokiwaza, na useme hivyohivyo kwenye maelezo.

"Umeweka rula lakini vipimo siyo"

Hapa ndo watu wengi wanashangaa, maana rula si ipo kwenye picha? Ipo, ila rula kwenye picha ina namna zake za kudanganya na ni vizuri kuzikagua moja moja.

Kwanza angalia sifuri. Rula nyingi za shule mstari wa sifuri hauanzii ukingoni, kuna kinafasi cha milimita tatu nne hivi kabla ya mstari, na ukiweka kidani chako (kile cha kuning'inia kwenye cheni) kianzie ukingoni mwa plastiki umeshapunguza hizo milimita. Kwenye kidani cha milimita 20 hiyo siyo ndogo. Pili angalia upande, inchi au sentimita, maana mteja akiona namba 2 hajui ni ipi, na 2 ya inchi ni sentimita tano na kitu.

Tatu, na hii ndo inayowapiga wengi, kimo. Rula imelala mezani, kidani kina unene au umekiinua juu ya kiboksi kidogo ili kipendeze, kwa hiyo kidani kiko karibu na lenzi kuliko rula. Simu ikiwa sentimita 20 juu ya meza na uso wa kidani umeinuka sentimita moja, kidani kinasomeka kikubwa kwa karibu asilimia 5, cha milimita 40 rula inasema 42. Ukiipandisha simu mpaka sentimita 40 kosa linashuka karibu nusu. Kwa hiyo mawili: pandisha simu, halafu inua rula (weka juu ya kadi au vitabu vyembamba) mpaka uso wake uwe sawa na uso wa kidani.

Nne ni simu kuinama. Jicho halioni simu ikiinama kidogo lakini picha inaona. Kuna kipimo kizuri hapa na hakina gharama: kadi ya benki, leseni, kitambulisho cha NIDA, zote saizi yake ni moja dunia nzima, milimita 85.6 kwa 54. Weka kadi karibu na bidhaa, piga, kisha pima kadi kwenye skrini kwa rula, upande mrefu gawanya kwa mfupi. Ikija kama 1.6 simu ilikuwa sawa. Ikija 1.45 au 1.7 simu imeinama, na kama kadi imeinama basi na bangili yako imeinama pia. Ila jamani msiposti kadi ya benki wala NIDA! Namba zinasomeka, na kuna watu kazi yao ni kuzitafuta hizo. Chora kadi juu ya manila, kata, andika katikati "saizi ya kadi ya ATM", basi, kadi yako rudisha kwenye pochi. Kikadi hichohicho mteja wa Mombasa anakielewa, wa Muscat anakielewa, wa London naye anayo mfukoni.

Ndo maana sarafu siipendi. Mia mbili ya Tanzania mtu wa Nairobi haijui mkononi, na Kenya yenyewe ilitoa sarafu mpya Desemba 2018 huku za zamani zikiendelea kutumika, kwa hiyo unaweka shilingi kumi kwenye picha halafu unabaki kujibu inboksi watu wanauliza ni ile ipi. Kama wateja wako wote ni wa mji mmoja sawa, tumia.

"Bangili haiingii"

Hapa picha nzuri haitoshi, tatizo lina vichwa viwili. Kichwa cha kwanza ni namba. Bangili za mtindo wa Kihindi zinaandikwa 2.4, 2.6, 2.8, 2.10, na mtu akiona hivyo anasoma kama desimali, anaona 2.10 ni ndogo kuliko 2.4, anaagiza. Hiyo nukta siyo desimali. Ni inchi mbili na sehemu za kumi na sita, kwa hiyo 2.4 ni inchi mbili na 4/16, kipenyo cha ndani milimita 57, 2.6 ni milimita 60, 2.8 ni milimita 63 na nusu, 2.10 ni karibu 67. Andika milimita kwenye picha yenyewe, juu ya picha, siyo kwenye maelezo chini ambako hakuna anayesoma.

Kichwa cha pili ni kwamba umeipiga imesimama au imeegemea kitu. Inapendeza kweli, ila upande wa karibu unakuwa mpana na wa mbali unafinywa, duara linakuwa yai na hakuna anayeweza kukisia kipenyo. Ilaze, piga kutoka juu kabisa, kikadi chako pembeni yake. Baada ya hapo mpe mteja namna ya kujipima: akunje kidole gumba ndani ya kiganja kama anavaa bangili, azungushe utepe kwenye sehemu nene ya vifundo vya vidole. Ikija sentimita 18 ni 2.4, 19 ni 2.6, 20 ni 2.8, 21 ni 2.10. Anayependa iwe huru aongeze saizi moja. Zile za kufunguka hazihusiki na hesabu hii, hizo pima kifundo cha mkono tu.

Pete vilevile, watu wanatuma picha ya kidole wanauliza "hii itanienea?", utajuaje sasa. Mwambie apime kipenyo cha ndani cha pete anayoivaa tayari kwenye kidole hichohicho. Namba 7 ya Kimarekani ni milimita 17.3 na kila namba kamili inaongeza kama 0.8, kwa hiyo 8 ni kama 18.1, ukikosea milimita moja umeruka saizi nzima. Uzi wa kuzungusha kidoleni siuamini sana, unavutika.

"Kwenye picha cheni ilikaa kifuani, kwangu inanibana shingo"

Angalia uliiweka kwenye nini. Ile shingo ya plastiki ya kuvalisha mikufu nyingine ni nyembamba kuliko shingo ya mtu, na ndefu, kwa hiyo cheni ya inchi 16 inaanguka pazuri pale wakati kwa binadamu inakaa kooni. Pima mzunguko wa hiyo shingo yako ya plastiki leo hii, kama ni inchi 12 na wewe mwenyewe una 14 umeshajua kosa liko wapi. Ukitandaza cheni mezani kwa duara ndo mbaya zaidi, kila cheni mezani inaonekana ndefu.

Dawa ni mtu mmoja, nguo moja yenye shingo wazi, cheni tatu za inchi 16, 18 na 20 kwenye picha moja au picha tatu zilizopigwa kutoka sehemu moja, na uandike "shingo ya aliyevaa ni inchi 14". Hilo la mwisho watu hawaliandiki na ndo lenye faida kuliko yote, maana mwenye shingo ya inchi 16 ataelewa mwenyewe kwamba hiyo ya 16 siyo yake. Na mteja anayesitasita mwambie akate uzi wa sentimita 46, ndo inchi 18 hiyo, ajizungushie mbele ya kioo. Dakika moja, na maswali yanaisha.

Mkono wa kwenye picha nao ni kipimo, kwa hiyo uchague. Binti mwenye vidole vyembamba na kucha bandia ndefu atazifanya pete zako zionekane nyingine kabisa, kidole kinarefuka kwa kucha na pete inaonekana kijipete. Siyo kwamba usitumie kucha, tumia, ila mkono uwe uleule kila picha, na uandike mzunguko wa kifundo, "mkono wa sm 16", mteja anajipima anajua. Ukibadilisha mikono kila wiki unavuruga wateja wa kudumu ambao walishauzoea ule wa mwanzo.

"Zote naona saizi moja"

Mteja anaingia kwenye ukurasa wako wa Insta anaona hereni thelathini zote sawa. Ni kwa sababu kila bidhaa umeisogelea mpaka ijae fremu, ndogo umeisogelea zaidi, kubwa umerudi nyuma. Funga simu kwenye stendi (hata rundo la vitabu), weka kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi mezani kuonyesha bidhaa inakaa wapi, usiguse zumu, piga zote bila kukata. Hereni ndogo itaonekana ndogo katikati ya nafasi nyeupe na utaona uchungu, unatamani uisogelee, acha. Picha ya aina hii moja kwa kila bidhaa inatosha.

Ukishaposti kagua kwa simu ya mtu mwingine. Insta inakata pembeni kwenye ukurasa, stetasi ya WhatsApp nayo ina mambo yake, na kikadi au rula uliyoiweka ukingoni ndo kitu cha kwanza kukatwa. Iweke karibu na bidhaa, sio kwenye kona.

Mawe yasiyovalishwa bado

Wanaouza tanzanite lalamiko lao ni "nilidhani karati mbili ni kubwa". Karati ni uzito, gramu 0.2, na haikuambii jiwe lina upana gani, mawili ya uzito mmoja moja linaweza kuwa limechongwa na tumbo kubwa chini na lingine limetandazwa, ukiyaangalia kwa juu hayafanani. Jiwe la oval (umbo la yai) la karati moja ni kama milimita 7 kwa 5. Hiyo ni ndogo, na makro inaifanya kama kokoto. Kwa hiyo karati na milimita viandikwe pamoja, na picha moja jiwe liwe juu ya kidole, siyo kwenye koleo, koleo halina saizi mtu anayoijua. Mnakumbuka Juni 2020 yale mawe mawili ya mchimbaji Saniniu Laizer kutoka Mirerani, la kilo 9.27 na la kilo 5.1? Namba zile wengi hata hatujui zinamaanisha nini kwa jiwe, tulichoelewa ni ile picha yake ameyashika kwa mikono miwili na mikono imejaa.

"Ni nyembamba kama karatasi"

Picha zote ulizopiga ni za mbele. Piga ya ubavu, bidhaa imesimama kwa makali yake, na taja milimita za unene na uzito kwa gramu, mzani mdogo wa kidijitali unatosha. Kwa shaba hii ni lazima, maana bangili ya bati la shaba na bangili ya shaba nzima kwa mbele ni mapacha. Hereni taja gramu za upande mmoja, mwenye ndewe iliyochanika atakushukuru.

Shanga nazo, kama unashona za Kimasai, sema shanga saizi gani. Namba 11 ni milimita mbili na kidogo, namba 8 ni kama tatu, na kadiri namba inavyopanda shanga inapungua, mteja hajui hilo. Kola ileile kwa namba 8 inatoka pana na nzito zaidi.

Vipini vya pua ndo vigumu kuliko vyote kwa sababu hata kwenye pua kamera inalazimika kusogea. Hapo nimeona punje ya mchele inafanya kazi vizuri kwa picha ya mezani, ikifuatiwa na picha ya uso mzima bila kuzumu, kipini kionekane kidogo kama kitakavyoonekana kwa mtu anayekutana na mteja wako barabarani. Na kama una nafasi ya video, sekunde tano zinatosha: mtu anageuza kichwa taratibu, mwanga wa dirishani, simu iko mbali, hakuna muziki wa kuziba sauti yako ukitaja milimita.